Zamu ya Nthenya Darajani

Ukitaka kujua nani alilibomoa Daraja la Akina Mama, usiulizie tingatinga. Niulize mimi nikutajie. Ni Mulei, ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Tingatinga lilikuja tu kumalizia.

Na sisemi hivi kwa sababu namchukia. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi. Mulei ni mtu mzuri, hana neno na mtu, na hapa Kitui hakuna harusi, matanga wala harambee inayokwenda bila yeye kushika maikrofoni. Ndiyo kazi yake, emsii. Shida yake ni moja tu: akishaishika hiyo kitu, lazima watu wapige makofi. Chifu akisimama, makofi. Pasta akikohoa, makofi. "Mpigieni makofi ya kilo!" Watu wanapiga. "Ongezeni kilo mbili!" Wanaongeza. Hata siku ya kumzika baba yetu alitaka waliochimba kaburi wapigiwe makofi, nikamvuta koti.

Sasa daraja. Liko kwenye Mto Kavuti, ukitoka mjini kuelekea upande wa Matinyani. Lilikuwa, Mungu wangu. Bado sijazoea kusema lilikuwa. Daraja la mawe, matao matatu, upana wa kupitisha mkokoteni mmoja wa punda na mtu mmoja aliyejibana pembeni. Halikujengwa na Mzungu, wala Mhindi, wala misheni. Lilijengwa na mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja cha wanawake wa vijiji viwili, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Waashi walikuwa wanaume wawili wa kuchonga. Waliobeba mawe kutoka kilimani, kamba kwenye paji la uso, walikuwa akina mama, na kabla ya hapo walikuwa wameshakamua na kunyonyesha.

Mama yangu, Nthenya, hakubeba hata jiwe moja. Wakati ule alikuwa mke mchanga, ana mimba ya Mulei, na mimba yenyewe ilikuwa inasumbua. Wenzake wakamwambia, wewe usibebe kitu, utampoteza mtoto. Lakini mwethya si kitu cha kusamehe mtu hivi hivi. Kila mmoja ana zamu yake, na asiye na zamu hana mdomo kijijini. Kwa hivyo wakampa zamu nyepesi: "Wewe utalitunza. Mafuriko yakipita, utatoa takataka kwenye matao."

Wakajenga, wakamaliza, wakachinja mbuzi. Na mafuriko ya kwanza yalipopita, mama akashuka mtoni na panga na reki, Mulei mgongoni, akatoa matawi na magogo yaliyonasa. Mvua nyingine, akashuka tena. Hakuna aliyemwambia imetosha. Na zamu ya mwethya, aliyekupa ndiye anayekufungulia. Huwezi kujifungulia mwenyewe. Ikaenda hivyo, wenzake wakazeeka, wakaanza kufa mmoja mmoja, na wa mwisho, Syombua, akafa bila kusema lolote kuhusu daraja. Mama akabaki na zamu isiyo na mtu wa kuifungua.

Kuna wakati nilimpeleka pasta nyumbani kwa mama. Nikamwambia pasta, tafadhali, muombee, kisha umwambie kazi imekwisha. Pasta akaomba vizuri sana, akamwambia, "Mama Nthenya, Bwana anasema pumzika." Mama akamwambia amina, akamkaribisha chai, halafu akamuuliza, "Pasta, wewe ulibeba jiwe gani?" Pasta akanywa chai yake akaondoka.

Kwa hivyo mjue. Mama yangu, na umri wake wote ule, alikuwa anaishi peke yake ng'ambo ya mto, magoti mabovu, jicho moja lina mtoto wa jicho, na hakuna wa kumtoa kwa sababu ya daraja. Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Mwishowe nikaelewa. Kile ninachoita mateso ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake mama ni mtu mwingine kabisa, anatembea haraka, anafokea watu, anakula ugali sahani nzima. Nikajua daraja likienda, na mama ataenda. Sikusema ni mawazo ya kijinga. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Ndiyo sababu niliposikia linabomolewa, nilifunga cherehani.

Mimi nashona yunifomu za shule mjini, katika nyumba moja ya zile kuukuu za mawe, zenye veranda na nguzo za mbao na milango ya rangi ya buluu. Zimebaki chache. Kulia kwangu pameota ghorofa la vioo, kushoto pamezungushiwa mabati na najua maana yake. Jirani yangu, Waithera, mama wa kutoka Murang'a anayeuza viazi kwa jumla, ndiye aliyeniletea habari.

"Wayua, mmepata daraja jipya," akasema. "La lori. Na lile lenu la zamani linang'olewa."

"Linang'olewa kwa nini? Si jipya linajengwa huko chini?"

"Mimi niulize bei ya viazi. Kuna mkutano Alhamisi kanisani, wa maoni ya wananchi. Nenda ukatoe maoni."

Nikajipanga. Asi! Nilijipanga kama mtu anayeoza binti. Nilienda kwanza ofisi moja ya mambo ya kale, nikawaambia tuna daraja la kihistoria, liandikwe lilindwe. Kijana aliyekuwa pale alikuwa na adabu, sitamsingizia. Akaniuliza lilichorwa na nani. Nikamwambia halikuchorwa. Akaniuliza lilijengwa na nani. Nikamwambia wanawake. Akaniuliza, "Wanawake gani?" Nikamtajia wote niliowajua, Kalondu, Kaveke, Syombua, Wavinya wa kisimani. Akanisikiliza akasema, "Mama, hapa tunahitaji jina la mjenzi." Mimi nimekutajia wajenzi kumi na kitu, wewe unasema hujasikia jina! Nikatoka kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Basi ikabaki mkutano. Nikaenda kwa Mulei jioni, nikamkuta anapiga pasi suti yake ya kijani.

"Mwana wa mwaitu," nikamwambia, yaani mwana wa mama yangu, "Alhamisi ni wewe emsii?"

"Ni mimi. Wamenipigia simu."

"Sikiliza. Mama atasimama aongee. Ukimpa maikrofoni, muachie. Usimkatize. Watu wamsikie mpaka mwisho."

"Wayua, kwani mimi ni mtoto?"

"Makofi, Mulei. Nakuomba. Punguza makofi."

Akacheka, akanipa kiti, akaniambia nimekuwa na presha. Nikarudi kwangu na moyo mzito lakini nikasema, ni mama yake pia, atajikaza.

Alhamisi kanisa lilijaa. Viti vya plastiki, hema nje, soda na mkate mezani, na watu wetu mnawajua, soda ikionekana hakuna anayechelewa. Enjinia alikuwa Nyamai, mtoto wa Kwa Vonza, mrefu, kofia ngumu mkononi. Kaptula yake ya shule nilimshonea mimi. Nikapata moyo. Nikasema huyu ni mtoto wa hapa, anajua mwethya ni nini.

Nyamai akaeleza. Daraja jipya ni pana, lina njia ya watu kando, lina taa. Watu wakaguna kwa furaha, na kwa haki yao, hata mimi nililitaka. Halafu akasema lile la zamani lazima liondoke kwa sababu matao yake ni membamba, yananasa takataka, na siku likizidiwa litang'oka na magogo yote yashuke yakapige nguzo za lile jipya. Akasema mawe yake yatavunjwavunjwa yatandikwe barabarani. Alisema polepole, bila dharau. Na hoja yake haikuwa ya kijinga, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama akasimama. Sikumgusa, alisimama mwenyewe, na fimbo yake, na leso yake ya kanisani. Mulei akashuka jukwaani mbio akamshikia maikrofoni.

"Kijana," mama akamwambia Nyamai, "hizo takataka unazosema, nazitoa mimi."

Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza, wakangoja. Kanisa lote lilikuwa limetulia. Naapa, lilikuwa limetulia. Mama akavuta pumzi. Nilijua kinachofuata. Angeeleza zamu, angewataja wenzake, angemwambia Nyamai kwamba bibi yake mwenyewe, mama yake baba, alikuwa katika ule mwethya, maana ni kweli alikuwa, aliolewa kutoka kijiji chetu. Hilo ndilo tulilokuwa tumepanga aseme.

Na Mulei, mtoto wa mama yangu, macho yamemjaa machozi kwa kumpenda mama yake, akaivuta maikrofoni mdomoni kwake.

"Huyo ni mama yangu! Mpigieni makofi ya kilo tatu!"

Kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, mtu mmoja akapiga mluzi. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto. Yeye ni mtu wa zamani. Kwake yeye, ukiongea watu wakapiga makofi, maana yake wamekusikia na wamekubali. Akainamisha kichwa kuwashukuru. Akakaa chini.

"Mwaitu, simama!" nikamnong'oneza. "Hujamaliza!"

"Wamekubali, Wayua. Hukusikia?"

Nikainua mkono. Nikaupunga. Mulei hakuniona, alikuwa ameshapanda jukwaani, moto umeshawaka. Nyamai akasema, "Basi wananchi, nafikiri tumeelewana, si ndiyo?" Na kabla mtu hajafungua kinywa, Mulei: "Mpigieni enjinia wetu makofi, mtoto wa nyumbani huyo! Kilo moja! Mbili!" Watu wakapiga. Walikuwa wakimpigia mgeni, jamani. Sisi hivyo ndivyo tulivyolelewa, mgeni akisimama anapigiwa makofi, hata akija kukuuzia dawa ya panya. Nyamai naye akaweka mkono kifuani, akasema, "Asanteni sana kwa kupitisha mradi huu." Pasta akaombea soda.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, napiga kelele, na watu walidhani nafurahi.

Nilimngoja Mulei nyuma ya kanisa. Sitaficha, nilimpiga kwa mkoba.

"Umejua umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimempa mama heshima!"

"Umemnyamazisha! Alikuwa na maneno matatu ya kusema, amesema moja, wewe ukayafunika mengine na makofi!"

"Wayua, mimi sikusema daraja livunjwe. Nani alisikia nikisema livunjwe?"

"Hukusema. Ulipiga makofi. Mama hakubeba mawe kwa sababu yako, Mulei. Wewe ulikuwa tumboni. Ile zamu ni yako! Alikuwa anailipa kwa ajili yako tangu hujajua kutembea, na leo umeichukua ukaitupa ukiwa umevaa suti ya kijani."

Akakaa chini kwenye nyasi na suti yake, akashika kichwa. Ningemhurumia, lakini sikuwa na nafasi.

Tulienda pamoja kwa Nyamai, tukamkuta kwenye kontena lake kando ya mto, ana ramani imetandikwa mezani. Mulei akaongea vizuri, bila mbwembwe. Akaeleza zamu yote. Nyamai akasikiliza, akavua kofia.

"Dada Wayua," akaniambia, "kwa nini haya hamkuyasema Alhamisi? Nilikuja nikaketi pale mchana mzima ili niyasikie haya. Watu walipiga makofi. Nimeshapeleka ripoti kwamba hakuna aliyepinga."

"Makofi si ndiyo," nikasema.

"Mimi nami nimezaliwa hapa. Najua si ndiyo. Lakini pia si hapana."

Ningempiga na yeye kwa mkoba, lakini alikuwa anasema kweli. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukatoka.

Mama hakuambiwa chochote mpaka siku yenyewe. Sikuweza. Kila nikienda ananiambia, "Wale watu wa barabara wamekuwa wastaarabu, wamenisikia," nami nakunja midomo nahesabu kuku wake. Tingatinga lilipofika asubuhi, nilivuka mbio niwe naye. Nilimkuta ameshasikia mlio, yuko ukingoni, panga na reki mkononi.

"Wanataka kusafisha?" akaniuliza.

"Hapana, mwaitu. Wanabomoa."

"Si walikubali?"

"Hawakukubali. Walikuwa wanakupigia makofi tu."

Akafikiri. Nilijikaza nikingoja alie, au ajilaze mbele ya lile dude, na nilikuwa tayari kulala naye. Hakufanya hivyo. Aliketi kwenye jiwe, akatazama kazi yote, tao la kwanza, la pili, la tatu. Liligoma lile daraja, nikwambie. Dereva alirudi nyuma mara nyingi, likawa linatoa vumbi tu. Kila likigoma mama alitikisa kichwa kama anayesikia jambo alilolijua. Tao la mwisho lilipoanguka alisimama, akajikung'uta leso.

"Haya," akasema. "Nipeleke kwako."

"Kwangu wapi?"

"Mjini. Si umekuwa ukitaka?"

Nikasema leo tupumzike tuzungumze. Nikasema shamba. Nikasema kuku. Nikatafuta kila sababu ya kumbakiza, mimi, niliyekuwa nimeomba miaka yote ahame! Akaniangalia na lile jicho lake zima akaingia ndani kufunga nguo. Alizifunga kwenye leso mbili, hazikujaa.

Mpaka leo nasikia watu wakisema ni vizuri, mama ameletwa karibu na hospitali. Daraja jipya limefunguliwa, zuri, taa zinawaka. Waithera anafurahi, lori zake za viazi hazizunguki tena mbali. Mulei alikataa kuwa emsii siku ya ufunguzi, wakatafuta mwingine kutoka Salama. Anakuja Jumapili na maziwa na mkate, anakaa na mama, hawaongei. Zamani ningesema nyamaza kidogo Mulei, sasa ningelipa aongee.

Mama hasumbui. Hilo ndilo linaloniua. Anakula kidogo, anaamka saa yoyote, anajibu anapoulizwa. Mama yangu mimi, aliyekuwa anamfokea chifu!

Majuzi mvua ikanyesha. Ile ya kweli, ya Novemba, usiku mzima juu ya mabati ya jirani. Alfajiri nikasikia mlango wa chumba chake. Nikatoka nikamkuta sebuleni, amevaa gambuti zake za mpira, amejifunga leso kiunoni, anatafuta kitu nyuma ya kochi. Uso wake ulikuwa wa zamani, ule wa haraka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla akili haijafika.

Halafu akasimama wima. Nikaona anakumbuka.

"Wayua," akasema, "hapa maji ya mvua yanaenda wapi?"

"Kwenye mfereji, mwaitu. Nyuma ya ploti."

"Nani anausafisha?"

"Keateka, yule mtunza ploti. Ni kazi yake."

"Na ngazi?"

"Keateka huyo huyo."

"Na huku ndani?"

"Kuna msichana anakuja asubuhi. Unamjua."

Akatikisa kichwa polepole. Mvua ilikuwa inaendelea nje, na huko Kavuti maji yalikuwa yanapita bila kugusa kitu.

"Sasa mimi," mama akaniuliza, "zamu yangu hapa ni gani?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema kata vitambaa, pika chai, lea wajukuu, nifokee. Nimefikiria majibu mengi tangu siku hiyo, usiku nayapanga, mchana nayapanga nikishona. Lakini pale, nimesimama na usingizi machoni, na mimi nikamwambia kile kile ambacho pasta alimwambia.

"Huna zamu, mwaitu. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa tu upumzike."

Akainama, akavua gambuti moja. Akavua na ya pili. Akaziweka sawasawa karibu na mlango, kavu kabisa, akaenda kwenye kochi akakaa.

Mpaka leo amekaa.